Alinifundisha Kuharibu Samli, Sasa Anategemea Pua Yangu

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako kabla ya Jumamosi ijayo, kwa maana siku hiyo ikipita nitakuwa nimetenda jambo ambalo sijui kama nitaweza kuishi nalo.

Mimi ni mke wa mtu na mama wa watoto wawili wa kike, na kazi yangu ni kushona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba tunayoishi na mama mkwe. Nyumba ni yake, jiko ni lake, na sifa ya jiko hilo ni samli ya viungo, kwa kuwa katika mtaa wetu hakuna anayeipika kama yeye. Akianza tu kuyeyusha siagi, mafundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara huweka spana zao chini na kuulizana nani atakayealikwa leo.

Nilipoolewa aliniita jikoni, akaniambia kwamba mke wa mwanawe hawezi kuishi katika nyumba ile bila kujua kupika samli, nami nikafurahi kwa sababu nilidhani ananipokea, nikaketi, nikajifunza kukata siagi isiyo na chumvi vipande vidogo, kuiyeyusha kwa moto mdogo katika sufuria nzito, kuengua povu bila kukoroga, kusikiliza sauti yake, maana siagi yenye maji hulia na ikinyamaza ndipo maji yamekwisha, kisha kutia iliki iliyopondwa, uwatu, kijiti cha mdalasini na tangawizi kavu, na kungoja harufu igeuke kutoka ya maziwa iwe ya karanga zilizokaangwa, na hapo hapo kuipua, kwani ukichelewa mashapo ya chini huungua na sufuria nzima ikawa chungu. Hayo yote alinifundisha sawasawa. Ikabaki kuchuja. Akanipa kitambaa cheupe cha pamba, akasema, "Mwanangu, kitambaa kikavu kinakunywa samli. Kiloweshe maji kwanza, ukikamue, ndipo uchuje." Nami, ambaye kitambaa ndiyo kazi yangu, niliona maneno hayo yana akili, nikayashika, na ya kwake hakuwahi kuichuja mbele yangu.

Mshauri, kila samli niliyoipika katika jiko hilo tangu siku hiyo iliota ukungu. Nilibadilisha siagi, nikabadilisha chupa, nikapunguza viungo, nikaongeza moto, na bado baada ya muda mfupi nilifungua kifuniko nikakuta utando wa kijivu na harufu ya nguo iliyosahauliwa kwenye beseni. Wifi yangu, dada wa mume wangu, akija siku za mapumziko huitafuta kwanza chupa yangu ili apate la kuchekea. "Jamani, njooni muone, ya leo imeota ndevu! Bi Ukungu, hii tuile au tuipeleke kwa kinyozi?" Watu hucheka mpaka wakashika mbavu, na mama mkwe naye husema kwa upole ambao ulikuwa ukinichoma kuliko kicheko, "Mwacheni mke wa mwanangu. Mikono haifanani." Hata wanangu siku hizi huniita Bi Ukungu wakidhani ni jina la mapenzi. Mume wangu hajapata kunicheka hata mara moja, na kwa hilo namshukuru. Yeye huinuka kimya, akachota samli ya mama yake, akaiweka juu ya wali wake, akala.

Sasa sikiliza. Wifi alihamia nyumba yake mwenyewe mwaka jana, akaja kwa mama yake kukumbushwa namna ya kupika. Mimi nilikuwa uani nikianua sare, na dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Nikamsikia mama mkwe akifoka, "Kitambaa gani hiki? Kina unyevu! Unataka samli iote ukungu kama ya huyo wa mbele? Kianike mpaka kikakamae kama karatasi. Muulize kaka yako, huyo mumewe, alipokuwa mdogo kazi yake ilikuwa hiyo, na akikileta hakijakauka namrudisha nacho juani mpaka alie."

Wifi akauliza, "Kwani huyo hukumwambia?"

"Nimwambie halafu mimi nibaki na nini?"

Wakacheka. Nilisimama na sare za watoto wa watu mikononi, jua likiniwakia utosini, na sikuingia. Nilikwenda kwa jirani, nikaazima jiko lake, nikapika samli na kuichuja kwa kitambaa kikavu, nayo ipo hadi leo katika chupa chini ya cherehani yangu, nyuma ya mfuko wa vipande, safi kama asali, wala haijaota kitu. Hakuna aliyeionja isipokuwa mimi, nayo nikiilamba huwa chungu kwangu, ingawa najua si chungu.

Kisha mwaka huu mama mkwe aliugua mafua makali, na alipopona, pua yake haikupona. Niligundua siku maziwa yalipofurika na kuungua juu ya jiko hali yeye ameketi kando yake akichambua mchele, nami nikaja mbio kutoka chumba cha mbele nikamkuta ametulia kama mtu aliyeketi bustanini. Tangu hapo, akipika samli huniita afikapo mwisho na kusema, "Hebu nusa, mwanangu, nione kama umejifunza." Ananifanyia mtihani ambao majibu yake hana! Mimi hunusa, nikasema, "Tayari, Mama," naye huipua na kuitikia, "Afadhali, umeanza kuelewa." Hakuna mwingine ajuaye, hata mume wangu.

Sasa shemeji yangu, ndugu wa mume wangu, ameoa, na Jumamosi mke wake ataletwa pamoja na mama yake na shangazi zake, ili mama mkwe awapikie samli mbele yao. Alikuja kuniambia nikiwa kwenye cherehani, uso umemchangamka kama msichana: "Huyu naye nitamfundisha kama nilivyokufundisha wewe." Nilikuwa nimebana pini mdomoni, na nilimshukuru Mungu kwa pini zile.

Mshauri, najua ataniita ninuse. Nami nataka kusema, "Bado, Mama." Niseme tena, "Bado kidogo." Niseme hivyo mpaka mashapo yawe meusi, moshi upande, na wale wageni watazamane. Neno moja tu, wala si la matusi. Nikilala ninaliota, nikishona ninalishona. Je, nikilisema nitakuwa na hatia, na nisipolisema, haki yangu nitaipata wapi?

Ni mimi, Bi Ukungu.

*

Binti yangu, marahaba. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili hasira yangu ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza, kwa sababu niliona jambo ambalo wewe umeliandika kwa mkono wako mwenyewe bila kuliona. Nitafika huko. Tuanze na lililo jikoni.

Umedhulumiwa. Sitakuambia kwamba mama mkwe wako ni mzee, wala kwamba hakukusudia. Alikusudia. Mtu anayekunyima elimu ni mchoyo. Mtu anayekupa elimu ya uongo na kukuita "mwanangu" katika sentensi hiyo hiyo, kisha akakutetea mbele ya watu kwa aibu aliyokutengenezea yeye, ni mbaya zaidi. Uchungu wako ni wa haki, na usimruhusu mtu yeyote akuambie usahau.

Lakini nawe nakulaumu. Ulifundishwa kungoja mpaka maji yaliyomo katika siagi yaishe, ukaketi ukisikiliza yakilia mpaka yakanyamaza, kisha ukachukua kitambaa chenye maji na kuyarudisha. Wewe ni fundi wa nguo! Unajua kitambaa kilichokamuliwa bado kina maji. Hukunji sare mbichi ukaiweka kabatini. Ulibadilisha siagi, chupa, viungo na moto, ila hukubadilisha neno la mama mkwe. Heshima ni wajibu, ila heshima haikukatazi kujaribu kitambaa kikavu mara moja. Na baada ya kujua, umefanya nini? Umeificha samli yako nzuri nyuma ya mfuko wa vipande kana kwamba wewe ndiwe mwizi. Wanao wanaendelea kukuita kwa jina la tusi, nawe umetia sahihi barua yako kwa jina hilo hilo. Sitakuita hivyo, na usijiite hivyo tena.

Sasa habari ya Jumamosi. Usiseme "Bado." Kwanza, samli inayoungua jikoni penye wageni si mzaha, mafuta ya moto hayachagui wa kumchoma. Pili, na hili ndilo kubwa, kumwambia uongo mtu anayekutegemea jikoni ni kazi aliyoifanya yeye. Ukiifanya, katika yote aliyokufundisha, hilo ndilo utakalokuwa umejifunza kwa ukamilifu. Na bibi arusi ataondoka bila kujua lolote, isipokuwa kwamba katika nyumba ile wanawake hupikiana hila.

Kabla ya Jumamosi, mkute mama mkwe peke yake, mchana, mlango umefungwa. Usipaze sauti. Mwambie hivi: "Mama, najua hunusi tena. Najua pia habari ya kitambaa. Jumamosi nitasimama kando yako, na samli ikiwa tayari nitasema tayari. Kuchuja nitachuja mimi, mbele ya bibi arusi, kwa kitambaa kikavu, nami nitamweleza kwa nini." Kisha toka. Usingoje akuombe radhi, kwa kuwa hataomba. Anaweza kulia, anaweza kukuita mchawi, anaweza kusema hakumbuki. Yote hayo mwachie. Hawezi kupika bila wewe, na analijua hilo kuliko unavyolijua wewe. Ndiyo maana anaugeuza msaada wako kuwa mtihani. Siku hiyo hiyo itoe chupa yako chini ya cherehani, uiweke mezani. Wifi yako akiitafuta ya kuchekea, mwache aifungue.

Hayo ndiyo uliyoniuliza. Nisikilize sasa kwa lile ambalo hukuniuliza.

Umeandika kwamba mumeo alipokuwa mdogo, kazi yake ilikuwa kukausha kitambaa cha kuchujia, na kwamba akikileta kina unyevu alirudishwa juani mpaka akalia. Mtoto aliyelizwa kwa jambo hilo halisahau kirahisi. Umeandika pia kwamba mnaishi katika nyumba moja yenye jiko moja. Mara ngapi amepita mlangoni wakati unakilowesha kitambaa, unakikamua, unakitandaza juu ya chupa? Mara ngapi ameona ukungu, akakuona ukinunua siagi nyingine, akakusikia ukilaumu viungo? Unamshukuru kwa kuwa hakukucheka. Binti yangu, huyo hakuwa na haja ya kucheka. Aliinuka, akachota samli ya mama yake, akala.

Simhukumu bila kumsikia. Huenda hakuwahi kuangalia unachokifanya. Wapo wanaume ambao wake zao wangeweza kupika mawe wasitambue. Huenda alimwogopa mama yake. Huenda aliona amani ya nyumba ni rahisi kwake kuliko heshima yako. Hayo ni mambo matatu tofauti, na ni lazima ujue uliolewa na lipi kati ya hayo, kwa sababu mama mkwe ataondoka duniani siku moja, na huyo utabaki naye.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye kabla ya kuzungumza na mama yake. Leo alasiri pika samli yako katika jiko la nyumba hiyo, si la jirani. Ikifika wakati wa kuchuja, mwite mumeo. Mwambie mikono yako imechoka na cherehani, akusaidie kumimina. Mpe kitambaa ulichokilowesha na kukikamua kama ulivyofundishwa. Chupa moja ikiharibika, iharibike. Umeharibu nyingi bila kupata jibu lolote.

Akikipokea na kuchuja bila kusita, basi amesahau na hakukuficha kitu; mweleze yote, kwa kuwa utakuwa na mtu wa kusimama nawe Jumamosi. Akisita, akakigeuza kitambaa mkononi, akasema, "Hiki kina maji," muulize amelijua hilo tangu lini. Kisha keti, na usimsaidie kujibu.