Ba Fungua na ba Funga

Yaya Furaha, mukubwa wangu,

Niko muzima, lakini baridi ya Butembo ingekufanya uende kanisani na blanketi. Tuko kwenye semineri ya batafiti ba amani. Tunatafuta sababu gani batu banakuwa bakali na kukataa kusikilizana.

Jana asubuhi profesa mumoja alifungua dirisha. Pasteri akafunga. Profesa akafungua tena. Chai haijafika, salle ya mukutano ilikuwa imegawanyika: ba Fungua huku, ba Funga kule. Na mimi, mwenye kuongoza mazungumuzo, nilipanda juu ya kiti nikilalamika: "Hapana kufungua! Hata kidogo!"

Kavira, mwalimu mwenye alikimbia vita kule Mangina, alikuwa hajasema neno tangu tufike. Akaanza kucheka mpaka machozi.

"Donc basi," akauliza, "ni vile vita inaanzaka?"

Tukacheka bote. Dirisha ikabaki nusu wazi, na profesa akamuazima pasteri koti yake.

Kisha Kavira akasimama, akatuelezea mambo ya Mangina polepole, mpaka mwisho. Hakuna mutu alimukata maneno.

Unikumbatilie batoto, na umufunike mama vizuri.

Mudogo wako mukali,
Espérance