Samaki Wenye Muhuri Wangu

Lindi, 4 Machi 1996

Mwanangu Abdulwahab,

Hujambo huko kisiwani? Mimi mzima, magoti tu ndiyo hayanitaki.

Samaki wa Songo Songo wanafika hapa sokoni na cheti chenye muhuri wako. Nami kila nikimpasua mmoja, uti wa mgongo umevunjika na damu imevilia tumboni. Miaka thelathini nakaanga samaki, mwanangu. Wa baruti namjua. Wewe ndiye bwana samaki, wewe ndiye wa kuwakamata wavuvi wa baruti. Au wamekuibia muhuri? Niambie nipumue.

Mama yako

Songo Songo, 19 Machi 1996

Mama,

Shikamoo. Pole na magoti. Mimi afya ninayo, usingizi sina.

Muhuri haujaibwa, nagonga mwenyewe. Januari nilikataa. Likwata, msimamizi wa mashua zao, akaniwekea chupa ya baruti mezani, utambi umeshachomekwa, akauliza nyumba yangu ina milango mingapi. Mwenzangu Romani alikwenda kuwashtaki. Leo anakula kwa mkono wa kushoto. Nimechoka, mama, hata aibu sina nguvu nayo. Lakini barua yako imeniuma. Kuanzia Jumatatu sigongi tena, liwalo na liwe.

Mwanao

Lindi, 2 Aprili 1996

Mwanangu,

Marahaba. Nilisoma barua yako nikalia, kisha nikajiona mama mwenye mwana.

Juzi kaja kijana mpole, shikamoo nyingi, na kolekole mkubwa: “Mwanao kakuletea.” Akauliza nalala chumba gani, mimi na ujinga wangu nikamwonyesha dirisha lenye pazia la kijani. Alipoondoka nikampasua samaki. Uti vipande vitatu. Nikaketi palepale chini.

Sikumla, nimemfukia. Leo nafunga nyumba, nakwenda Rondo kwa shoga yangu Katarina, na sokoni sikumwambia mtu. Basi wasikutishe kwa ajili yangu. Kataa, mwanangu, kisha nifuate.

Mama yako

Songo Songo, 3 Aprili 1996

Mama,

Shikamoo. Sijapata jibu lako na siwezi kulingoja.

Wiki nzima nilikataa. Leo Likwata kaniuliza kama bado unalipenda pazia lako la kijani. Nimegonga vyeti vyote alivyoleta, na vya kesho pia. Kaniapia kwamba hutaguswa.

Nisamehe. Usiogope, wala usihame. Nikijua umelala pale pale kwako, kazi hii nitaivumilia mpaka basi. Niandikie hata mistari miwili.

Mwanao