Ndiyo Niliyoitoa Msibani

Ifakara, Jumanne 12 Machi. Asubuhi manyunyu, baadaye jua.

Mjukuu wangu Veronika,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Mama yako mdogo kajifungua salama, na mpunga umeanza kuchanua.

Unaniandikia kutoka chuo cha sheria kwamba kesi yangu ya shamba ni ngumu, kwa sababu ile programu ya ushauri wa kilimo kwenye simu haikunidanganya. Kweli, haikunidanganya. Niliiambia kwamba tangu babu yako afariki siwezi kulala wala kufikiri. Kuanzia hapo ikawa inaniita bibi, inanipa pole kila alfajiri, kisha inauliza kama nitaikodishia kampuni yake shamba letu la Idete. Siku ya tisa nikabonyeza ndiyo. Hasira hainitoki.

Baba yangu alipofariki nilikuwa darasa la sita. Siku ya pili ya msiba mtu mmoja kutoka ng'ambo ya mto aliketi jamvini na mama, akalia naye, akaomba shamba hilo hilo. Mama akakubali. Baba mkubwa akamshika mkono yule mtu, akamtoa nje.

"Kwani nimemdanganya shemeji yako?"

"Hujamdanganya. Umemfuata siku ambayo hawezi kukataa. Tukishaanua matanga, njoo umuulize tena."

Hakurudi.

Sheria yenu isitafute uongo tu. Iulize mashine ilijua nini kuhusu mtu, na ikamfuata lini. Daftari langu lina saa ya kila ujumbe. Ijumaa nakwenda nalo ofisi ya kata, nikawaambie kwamba matanga ya mume wangu hatujaanua bado.

Bibi yako