Picha Haigongeki

Mjukuu wangu, mume wangu Yosefu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Mgeta tu wazima, na dada yako amejifungua mtoto wa kike.

Unauliza ununue randa ipi ya mashine, ile mpya ya bei rahisi au ile kuukuu iliyo ghali. Ngoja nikuungamie jambo.

Enzi za Mjerumani baba yangu alikuwa seremala wa misheni, nami nilisoma Kiswahili na Kijerumani kwa masista. Padre alimwachia kitabu cha Kijerumani chenye picha na bei za mashine, achague msumeno wa kukanyaga kwa mguu, kisha akasafiri. Baba hakuchukua hata ubao bila kuugonga na kuusikiliza. Akanipa kitabu. "Mwanangu, picha haigongeki. Nigongee wewe kwa kusoma."

Mafundi wote wakanitazama. Nikasoma bei. Maandishi madogo chini ya picha, ambayo baadaye nilijua yalitaja uzito wa chuma, sikuyaelewa, na kwa aibu nikasema, "Yote sawa, Baba."

Akachagua wa bei ndogo. Wapagazi wakaupandisha mlimani. Baba akaugonga mara moja, ukalia kama debe. Masika hayajaisha, meza ya chuma ya msumeno ikapasuka.

Nilipomwambia kweli, alicheka. "Kumbe aibu yako nzito kuliko chuma chao!"

Ule wa ghali ulikuja baadaye, na mpaka leo unapasua mbao. Mashine za siku hizi bei imeshuka, lakini naona ni nyepesi mno: watu wawili wanazibeba huku wanapiga soga.

Nenda kazigonge zote mbili, uniandikie sauti zake. Safari hii, nisipoelewa nitasema.

Mkeo wa Mgeta,
Bibi