Mahali, Si Mahari

Matisi, Kitale
Mwezi wa nane, 2006

Mpendwa Mama,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini mgongo umekuachilia kidogo, na kwamba mvua haikukuta maharagwe yakiwa nje. Sisi huku tuko wazima, isipokuwa mabega yangu, ambayo hayajapumzika tangu nianze kupakia magunia kule ghalani Kibomet. Jioni nikivua shati naomba dada yangu Nekesa anisaidie kama mzee. Lakini nakula, nalala, na sidaiwi maneno na mtu.

Barua hii inakuja na Khocha, ndugu yako uliyemtuma aje amrudishe Nekesa nyumbani. Najua atakusimulia kila kitu kabla hujaifungua, na ataongeza chumvi. Kwa hivyo nakuambia la kwanza kabisa, upumue: Nekesa hajaolewa. Hakuna mwanamume aliyekuja kwangu kumuuliza. Bado ni mwanafunzi wa chuo, na bado analala kwenye kile kitanda chake nyuma ya pazia.

Sasa nikueleze jinsi mambo yalivyofika pale.

Unakumbuka anasomea mambo ya picha za video. Kabla ya mwisho wa mwaka huu wa kwanza kila mwanafunzi lazima atengeneze video ya wimbo. Asiyepita anarudia mwaka mzima, na sisi kurudia hatuwezi, hilo unalijua vizuri kuliko mimi. Lakini mwalimu wao alisema hakuna kushika kamera kwanza. Kwanza uchague madairekta watatu, utazame kazi zao, uandike kila mmoja anafanyaje kazi na kwa nini. Mimi hata sikujua dairekta ni nani. Nilidhani ni yule anayecheza mbele akiwa na miwani. Nekesa akaniambia, "Kaka, huyo ni mwimbaji. Dairekta humuoni. Yeye ndiye anaamua wewe uone nini."

Basi kila jioni nikitoka kazini tulikuwa tunaenda hotelini hapa Matisi, ambako kuna televisheni. Jina la dairekta linatokea kwenye kona, mwanzoni, halafu linapotea kabla hujameza chai. Nekesa alikuwa anasimama karibu kabisa na kioo, kalamu mkononi. Mtu akitaka kubadilisha stesheni, Nekesa anapiga kelele, "Ngoja! Jina halijatoka!" Mwenye hoteli akamwambia, "Dada, wewe ndio mteja wa kwanza kuja hapa kusoma televisheni. Si ukalie kiti basi, watu waone mpira?" Watu walicheka, lakini walimwachia.

Wa kwanza aliyemchagua ni wa Nairobi, anapenda magari na wachezaji wengi, na picha zinakatwa haraka mpaka macho yangu yakauma. Wa pili hana haraka. Anamvalisha mwimbaji rangi moja tu na kukuachia umtazame mpaka unaona kama unamfahamu. Huyo nilimpenda, hata nikiwa na usingizi. Wa tatu ni Bwana Athumani, mzee wa hapa Kitale anayekaa karibu na msikiti. Anapiga video za harusi na za kwaya. Wenzake darasani walimcheka Nekesa. "Ati dairekta wa harusi! Bana, si ungeandika hata juu ya mpiga picha za kitambulisho?" Akawajibu, "Wale wenu mtawauliza swali mkajibiwa? Huyu wangu nabisha mlango anafungua."

Na kweli alifungua. Alimjibu maswali yake yote mpaka wakati wa sala, akatoka, akarudi akaendelea. Alimwambia kamera atamwazima na atakuja mwenyewe kuisimamia, lakini kwa sharti moja: "Binti yangu, usije kwangu na wimbo tu. Niletee mahali. Video bila mahali ni redio."

Hapo ndipo shida yetu ilipoanzia, Mama. Nekesa alitafuta mahali wiki nzima. Mwishowe mwenzake wa darasani, msichana aitwaye Wanjiru, ambaye ndiye angeimba, akamwambia baba yake ana shamba Kachibora, mahindi yamesimama vizuri, na mzee hana neno. Nilifurahi mpaka nikapiga simu kule dukani kwa Wanyonyi ili wewe pia ufurahi. Nikamwambia, "Mwambie Mama Nekesa amepata mahali, dairekta amekubali, na Jumamosi ndio siku."

Unajua midomo yetu sisi watu wa Bungoma. L na R kwetu zinakaa nyumba moja. Pengine ni mimi niliyesema mahari, pengine ni Wanyonyi aliyesikia mahari. Nekesa anasema ni mimi, na kila akikumbuka anacheka mpaka anakaa chini. Lakini nimeelewa wewe ulipokeaje: binti yako amepata mahari, bwana anaitwa Dairekta, na Jumamosi ndio siku. Khocha amenieleza ulivyokaa bila kula, na shangazi yetu, senge, alivyoenda kuazima sufuria kubwa kwa majirani ili wageni wasikute aibu. Naomba msamaha kwa siku hizo mbili kabla hujamtuma, na kwa hizi zote ulizongoja. Sikujua.

Jumamosi niliomba ruhusa kazini ili niwabebee vitu. Bwana Athumani alikuwa na harusi ya watu mchana, kwa hivyo tulikuwa na asubuhi peke yake, na mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika juu ya milima ya Cherangany. Wanjiru alikuwa amevaa gauni jeupe refu, kwa sababu ya yule dairekta wa pili, ili aonekane vizuri katikati ya mahindi. Sasa fikiria Khocha anafika Matisi, anakuta mlango wangu umefungwa, na jirani anamwambia, "Wameenda Kachibora mapema, wamebeba gauni jeupe." Alikuja na bodaboda, matope mpaka magotini, fimbo mkononi, kofia ya kanisani kichwani.

Akasimama katikati ya shamba. Hata salamu hakutoa.

"Nimetumwa na dada yangu," akasema. "Nani hapa anaitwa Dairekta?"

Watu wote wakanyoosha kidole kwa Nekesa.

Khocha akatazama nyuma ya Nekesa kama kuna mtu amejificha kwenye mahindi. "Nimesema Dairekta. Yule mwanamume anayetaka kumuoa huyu."

"Khocha," Nekesa akasema, "dairekta ni mimi. Na umesimama kwenye picha."

Wanjiru alicheka mpaka gauni likashika tope. Bwana Athumani alizima kamera, akamsalimia Khocha kwa heshima, akamweleza polepole. Khocha hakucheka. Alisema yeye ametumwa kumchukua msichana na atamchukua, maneno mengine yataongelewa nyumbani mbele yako. Nekesa angeondoka wakati ule, kazi ya mwaka mzima ingekuwa imeisha, kwa sababu kamera isingerudi na mwalimu alikuwa anangoja. Nikamwambia Khocha, "Mchukue. Lakini kaa kwanza hapa kwenye gunia, uone unamtoa kwenye kazi gani."

Akakaa, fimbo kati ya magoti. Nekesa akaanza. "Wanjiru, rudi mwanzo. Usitembee, simama. Kaka, ondoa hilo debe. Bwana Athumani, naomba usimfuate, mwache aingie mwenyewe." Na mzee yule mwenye mvi akasema, "Sawa, dairekta." Walirudia mstari mmoja tu mpaka nikachoka mimi ninayebeba magunia. Mvua ikaanza kudondoka wakati wa picha ya mwisho kabisa.

Tukiwa tumejikinga chini ya paa la ghala la pale shambani, Khocha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hawa wote wanamtii?" Nikamwambia ndiyo. Akaelekeza fimbo kwa Bwana Athumani. "Hata yule mzee?" Nikasema hata yule mzee. Akasema, "Sasa mimi nikimrudisha nyumbani, akaamrishe nani? Kuku?"

Hivyo ndivyo Khocha alivyobaki hapa kwangu siku hizi zote, akingoja matokeo kama mwanafunzi; kupiga simu tena dukani tuliogopa, neno lingine lisije likageuka njiani. Bwana Athumani alimsaidia Nekesa kuunganisha picha, mwalimu akatazama, akasoma na yale aliyoandika juu ya madairekta watatu. Jana Nekesa alirudi akikimbia, akaniambia amepita. Mama, nilikaa kitandani na buti zangu miguuni. Sikujua nilikuwa nimebana pumzi kiasi kile. Usiku sikusikia hata mabega.

Nisalimie senge, umwambie arudishe sufuria bila aibu. Nisalimie nyanya yetu Kukhu, na wadogo zangu, na dada yangu mkubwa anayekusomea barua hii. Nisalimie pia Wanyonyi wa duka, asijilaumu.

Nekesa amekataa kuandika salamu zake hapa chini. Anasema atazileta kwa mdomo Desemba wakifunga chuo, na kwamba Januari usimfiche ufunguo wa sanduku lake la safari, kwa sababu anarudi mwaka wa pili.

Ni mimi mwanao,
Barasa