Chombo cha Shaba cha Mama

Kwa Dada Yadamma mpendwa,

Pokea salamu za sisi sote huku nyumbani. Je, vidole vimepona baada ya kuchuma pamba, na mtoto ameanza kutambaa? Sisi wazima, ila kidonda cha baba hakisikii dawa. Zahanati wanasema vijidudu vya ziwani vimeshazoea dawa.

Tangu nimalize shule, namchotea Dakta Vasundhara maji ya ziwa. Anapima mabaki ya antibiotiki yanayotoka kwenye viwanda vya dawa. Maji huyagawa katika mitungi miwili, na yote huitia peroksaidi, kemikali ya kusafishia. Mmoja huongezewa unga wa chuma, kichocheo cha kuzivunjavunja dawa hizo. Mwingine hautiwi metali yoyote, ili tofauti ionekane. Kila siku wenye chuma husafika, mwingine hubaki vilevile.

Jumatatu ilisafika yote miwili. Daktari alirudia vipimo mara tatu, akabaki kukuna kichwa. Narsimlu, mlinzi wa maabara, akanitania eti ziwa limeniona mimi binti mpole, likatubu. Nilicheka tu.

Jana mtu wa kiwanda, habari zilipomfikia, aliwaambia wanakijiji kwamba si wameona wenyewe, maji yanajisafisha, sasa mtambo wa kuyasafisha wanaoudai wa nini tena? Mama Lachavva wa jirani akamjibu kwamba kama ni hivyo, ayanywe basi, glasi moja tu. Watu wakacheka. Baba hakucheka, alikuwa anautazama mguu wake.

Dada, sijui hata nianzie wapi. Jumatatu hiyo, chupa ya kioo ya kuchotea maji niliivunja kwenye mawe. Kwa aibu nikakimbia nyumbani, nikachotea maji chombo cha shaba cha mama, kile anachokisugua kwa ukwaju mpaka kinang'aa. Si unajua asemavyo, kwamba shaba haiharibu maji? Sasa nahisi shaba iliingia majini, ikafanya kazi ya chuma. Au siyo? Nimeharibu, au nimegundua kitu? Nawaza, nachanganyikiwa, naanza upya. Nikisema, labda kazi yangu imekwisha. Nikinyamaza, mtambo haujengwi.

Chombo nimekificha kwenye mkoba. Kesho nitakiweka mezani kwa Daktari kabla hata ya kumwamkia, maana nikianza na salamu nitaishia hapohapo. Mama anakitafuta tangu asubuhi. Akikupigia simu, tafadhali usimwambie kiko wapi mpaka nirudi.

Nisalimie shemeji, na umbusu mtoto mashavu yote mawili.

Mdogo wako,
Swarupa