Mbwa Anatoka, Maite Hatoki

Anselmo,

Dengu zipo jikoni, zipashe moto. Maite asipewe chokoleti tena, hata akilia. ~~Labda kipande kimoja.~~ Hata kipande!

Asubuhi amejaribu sketi ya shule, zipu ikagoma katikati. Wiki ya sita hii ya korona mtoto hajakanyaga barabara. Serikali huko Madrid imeruhusu mbwa watoke, watoto hapana. Basi wewe unamtembeza Canelo mara nne kwa siku, ukirudi unamnyamazisha mwanao kwa vitamu!

Unajua ameniuliza nini? "Mama, nikivaa kamba ya Canelo shingoni, polisi wataniacha nipite?"

Leo Canelo akojoe hapo kwenye roshani. Maite aruke kamba sebuleni, nawe uruke naye. Jirani wa chini akigonga dari kwa ufagio, rukeni zaidi.

Mama Maite